Beira Baada ya Idai: Vifo Ambavyo Havikutokea

Kutoka Chimoio barabara inateremka taratibu mpaka Inchope, njia panda ya barabara kuu za EN1 na EN6, na baada ya hapo huoni tena mlima. Ni uwanda mtupu hadi Bahari ya Hindi: Nhamatanda, Lamego, Tica, mashamba ya miwa ya Mafambisse, Dondo, kisha Beira. Nilipanda basi dogo, chapa kama waitavyo Msumbiji, nikaomba kiti cha dirishani. Nilitaka kuiona kwa macho yangu nchi hii ya mito Pungwe na Buzi, maana Machi 2019 ilifunikwa na maji hata waokoaji waliopita juu yake kwa helikopta wakawa wanaona vilele vya miti na mapaa tu.

Kimbunga Idai kilitua karibu na Beira usiku wa kuamkia 15 Machi 2019. Upepo uliezua mapaa ya mji mzima, ukaangusha nguzo za umeme na minara ya simu. Kisha mvua ikapiga siku kadhaa katika milima ya Zimbabwe na mkoa wa Manica, mito ikajaa, maji yakateremka kuukuta uwanda ambao tayari umelowa. Msumbiji ilipoteza watu zaidi ya 600. Ukijumlisha na wa Zimbabwe na Malawi, waliokufa walipita 1,000.

Habari hizo zilisikika dunia nzima. Zilizofuata hazikusikika sana. Mafuriko ya namna hii yanapoukumba mji wenye watu zaidi ya nusu milioni, wenye vyoo vya shimo na visima vifupi, kila mganga anajua kinachokuja. Kipindupindu kilikuja kweli, kikawapata watu zaidi ya 6,700 kwa muda wa miezi miwili hivi. Waliokufa kwa ugonjwa huo walikuwa 8. Kipindupindu kikali kisipotibiwa kinaweza kuua hadi nusu ya wagonjwa wake, kwa hiyo hesabu hiyo ya Beira inastahili kuulizwa: iliwezekanaje? Swali hilo ndilo lililonisafirisha.

Mwenyeji wangu alinipokea Nhamatanda. Ni muuguzi mzaliwa wa Palma, kule Cabo Delgado jirani na mto Ruvuma, na Kiswahili amekua nacho. Mimi nilimwita Dada, yeye akaniita kaka, na kwa wenyeji wanaozungumza Kisena na Kindau alinitafsiria kwa uvumilivu mkubwa. Wakati wa Idai alikuwa kazini katika mkoa huu wa Sofala, na nyumba yake mwenyewe ilibaki kuta.

Alinipeleka kwanza kwenye zahanati ya kijijini, nje kidogo ya mji. Jengo limepakwa rangi upya, lakini nyuma yake, upande wa stoo, ukuta haukuguswa na alama ya maji bado inaonekana usawa wa kifua changu. Ndani ya kabati Dada akatoa daftari la wagonjwa la mwaka ule. Kurasa zimejikunja na kukakamaa, wino umeyeyuka ukawa madoa ya zambarau, na katikati ya baadhi ya kurasa kuna tope lililokauka. Majina mengine yanasomeka, mengine yamebaki herufi mbili tatu.

"Tulizianika kurasa juani, moja moja, na mawe juu yake," akaniambia. "Watu walituletea unga na mahema, Mungu awalipe. Sisi tulikuwa tunatafuta majina."

Sikumwelewa mara moja, akanieleza. Sofala ni miongoni mwa mikoa ya Msumbiji yenye watu wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Dawa za kufubaza virusi humezwa kila siku bila kukosa, na mtu aliyepanda juu ya paa usiku akiwa na watoto wawili mkononi hakubeba chupa ya vidonge wala kadi ya kliniki. Mgonjwa wa kifua kikuu naye yuko katikati ya dozi ya miezi sita. Akiikatisha, vimelea huweza kuwa sugu na ugonjwa ukarudi mbaya kuliko mwanzo. Kuna mjamzito anayengoja tarehe yake, kuna mzee wa presha, kuna mtoto ambaye siku yake ya chanjo ya surua imepita. Hao wote walitawanyika katika makambi, mashuleni na kwa ndugu, na zahanati ilikuwa haijui nani yuko wapi.

Waliowatafuta ni wahudumu wa afya wa vijijini, wanawake na vijana waliokuwa wakiwafahamu wagonjwa kabla ya maji. Walizunguka kambi hadi kambi. Ndani ya kambi yenye mahema yaliyobanana huwezi kusimama ukaita watu kwa majina waje kuchukua dawa za UKIMWI, kwa hiyo waliweka meza ya kupima presha. Kila mtu alikuja mezani, na mwenye haja yake aliizungumza kwa sauti ya chini. Mgonjwa alipewa dawa za miezi kadhaa bila kudaiwa faili wala kadi. Kwangu hilo ni somo la kwanza la Sofala: huduma ya afya imerudi pale mgonjwa wa jana anapopata dozi yake ya leo, hata kama zahanati haijaezekwa.

Tulifika Beira jioni. Ni mji wa chini sana, sehemu zake nyingine ziko chini ya usawa wa bahari maji yanapojaa, na mifereji imeukata kila upande. Kusini yake iko Sofala ya kale, ncha ya mwisho ya biashara ya Waswahili, ambako dhahabu ya bara ilipakiwa majahazini kwenda Kilwa. Bahari iliyowapa wazee wetu utajiri ndiyo hiyo hiyo inayoleta vimbunga.

Hospitali Kuu ya Beira ndiyo tegemeo la rufaa kwa Msumbiji ya kati yote. Idai iliivua mapaa, ikaharibu vyumba vya upasuaji, na mvua ikaingia wodini, wagonjwa wakahamishwa gizani. Msaada wa nje ulifika: timu ya madaktari kutoka jimbo la Piemonte, Italia, ilifunga hospitali ya mahema yenye chumba cha upasuaji, na nchi na mashirika mengine yakafanya hali kadhalika. Nawashukuru kwa moyo wote, kwa sababu mama anayehitaji kupasuliwa ili azae hawezi kungoja fundi wa paa. Hata hivyo hospitali ya mahema ina siku yake ya kuondoka. Wauguzi wa Beira walikuwepo kabla yake na walibaki baada yake, wakitoka asubuhi kwenye nyumba zisizo na paa, watoto wao wamewaacha kwa majirani. Mpango wowote wa kurudisha huduma usiomfikiria mhudumu mwenyewe, chakula chake, malazi yake na mshahara wake, umeanza na pengo.

Kesho yake tukaenda Munhava, mtaa mkubwa wa watu wa kipato cha chini karibu na bandari. Nyumba za mabati na matofali zimejengwa juu ya ardhi ambayo ukichimba kidogo tu unakuta maji. Choo cha shimo hapa hakiwezi kwenda chini, na mvua kubwa ikinyesha kilichomo hupanda juu na kutembea uani. Mtu akiuona mtaa huu haulizi tena kwa nini kipindupindu ni mgeni wa mara kwa mara Beira.

Wenyeji wengi niliozungumza nao, hapa na kwingineko safarini, walidhani magonjwa ya baada ya mafuriko hutokana na maiti. Nimeisikia imani hiyo hata kwetu Tanzania. Watu waliokufa maji au kwa kuangukiwa na nyumba hawakufa kwa kipindupindu, na miili yao kwa kawaida haianzishi mlipuko wa magonjwa. Imani hii huwafanya watu wazikwe harakaharaka kwa makundi bila kutambuliwa, na jamaa zao wakabaki na uchungu wa kutojua kaburi liko wapi. Hatari kubwa hutoka kwa walio hai: kinyesi chao kikiingia kwenye maji yao ya kunywa.

Serikali ya Msumbiji ilitangaza mlipuko tarehe 27 Machi, siku 12 tu baada ya kimbunga, ukiwa na wagonjwa wachache waliothibitishwa. Haikuficha wala haikungoja idadi ikue, na kabla ya wiki kwisha wagonjwa walikuwa wamepita 1,000. Vituo vya matibabu vilifunguliwa ndani ya mitaa yenyewe, ikiwamo Munhava na Macurungo, ili mgonjwa asisafirishwe mbali. Dada alifanya kazi katika kimojawapo, akanionyesha uwanja kilipokuwa na kunichorea mchangani kwa kijiti jinsi kilivyopangwa. Mlango wa kuingilia na wa kutokea ni tofauti. Kila penye mlango kuna beseni la klorini la kukanyaga na ndoo yenye bomba ya kunawia mikono, klorini ya mikono ikiwa hafifu na ya sakafu kali zaidi. Vitanda vina tundu katikati na ndoo chini yake, ndoo yenye alama za lita, ili muuguzi ajue mgonjwa amepoteza maji kiasi gani na amrudishie kiasi hicho.

"Mgonjwa analetwa mgongoni macho yamezama, ngozi ukiifinya hairudi," alisema. "Unamtundikia dripu, ukipata mshipa. Baada ya saa chache anakuomba chakula. Kaka, hakuna ugonjwa unaokupa furaha ya haraka kama huu, na hakuna unaokunyang'anya mtu haraka kama huu."

Wasiozidiwa walipewa maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, kikombe baada ya kikombe. Dawa hiyo ni ya bei ndogo sana. Kinachogharimu ni kuhakikisha iko karibu na mtu, saa ile ile anapoanza kuharisha.

Tukiwa Munhava tulimfuata mama mmoja mhudumu wa mtaa, mwenye capulana, yaani kitenge, kiunoni na mfuko wa vifaa begani. Aliingia nyumba kwa nyumba, akiwaamkia wazee kwa heshima kabla ya kuuliza habari za maji. Katika ua mmoja alichota maji kwenye dumu, akayatia kwenye kijichupa cha plastiki, akadondosha kidonge kidogo na kutikisa. Maji yakageuka waridi hafifu. Mwenye nyumba akapiga makofi, kwa sababu maana yake klorini imo ya kutosha. Ua wa pili maji yalibaki meupe vilevile. Mama hakugomba. Alitoa chupa ya klorini mfukoni, akaonyesha kipimo cha kifuniko, akasubiri mpaka binti wa nyumba ile akakirudia mwenyewe, ndipo akaaga.

Kazi yake ingekuwa bure kama mabomba ya mji yangebaki makavu. Mtambo unaoisafishia Beira maji ya mto Pungwe ulisimama umeme ulipokatika. Kipaumbele cha siku za mwanzo kikawa mafuta ya jenereta, pampu na dawa za kusafishia maji, na kabla ya mwezi Machi kwisha maji ya bomba yalikuwa yameanza tena kufikia sehemu kubwa ya mji. Fundi wa pampu hatajwi katika orodha za mashujaa wa afya. Kwa Beira namtaja, maana huenda aliwakinga watu wengi kuliko ambao daktari yeyote angeweza kuwatibu.

Kisha ikaja chanjo. Beira ina historia nayo ambayo watu wachache wanaijua: mwishoni mwa 2003 na mwanzoni mwa 2004, mtaa wa Esturro, hapa hapa mjini, ulitumika kupima kama chanjo ya kunywa ingefaa katika mji wa Afrika wenye kipindupindu cha kudumu na maambukizi mengi ya virusi vya UKIMWI. Utafiti ule ulionyesha kinga ya asilimia 78. Miaka 15 baadaye mji ukavuna matunda ya ushahidi ulioutoa wenyewe. Karibu dozi 900,000 kutoka akiba ya dunia zilitua tarehe 2 Aprili 2019, na kesho yake kampeni ikaanza katika Beira, Dondo, Nhamatanda na Buzi. Kwa muda wa wiki moja hivi watu zaidi ya 800,000 walikunywa chanjo, dozi moja kila mmoja ili itoshe wengi. Hakuna sindano, ni kimiminika kidogo kinachomiminwa mdomoni. Misikiti, makanisa, masoko na foleni za chakula, vyote vikawa vituo.

Kasi hiyo haikutoka hewani. Akiba ya dunia ya chanjo ya kipindupindu iliundwa mwaka 2013, kwa hiyo Beira ilipoita, kitu kilikuwepo stoo. Mwaka 2022 milipuko iliongezeka mno duniani hata ikabidi dozi ya pili isimamishwe katika kampeni za dharura ili chanjo itoshe nchi nyingi. Nchi inayotegemea kwamba chanjo itakuja tu, huku maji yake ikiyaacha yalivyo, inajidanganya.

Siku nyingine tulipanda boti kwenda Buzi, kutoka Praia Nova, pwani ile ile ambako siku za Idai maelfu ya watu wa Buzi walishushwa wakiwa hawana kitu. Boti ilijaa magunia ya mkaa, kuku na wanafunzi. Mji wa Buzi uko ukingoni mwa mto uliobeba jina lake, na mwaka ule wakazi wake walikaa juu ya mapaa na miti wakingoja. Wengine walihamishiwa baadaye Guara-Guara, kwenye mwinuko, na makazi yale sasa yana sura ya kijiji.

Huko nilijifunza kuhusu hatua ya pili, ile iliyokuja wageni wengi wakiwa wameshaondoka. Kipindupindu kilipopungua mwezi Mei, malaria ndiyo ilikuwa imetawala. Maji ya mafuriko yakisimama, mbu huzaana, na watu wanaolala nje au mahemani bila chandarua ni karamu kwao. Wagonjwa wa malaria walizidi wa kipindupindu mara nyingi. Ilibidi vyandarua vyenye dawa vigawiwe upya, kwa sababu vya zamani vilikwenda na nyumba, na wahudumu wapewe vipimo vya haraka na dawa mseto za kutosha.

Baada ya malaria likaja jambo ambalo wauguzi vijana hawakuwahi kuliona: ugonjwa wa pelagra. Idai ilipiga mahindi yakiwa yamekaribia kuvunwa na kusomba mashamba zaidi ya hekta 700,000. Familia zikaishi kwa ugali miezi mingi, bila samaki, karanga, maharage wala nyama, na mwili ukakosa vitamini iitwayo niasini. Mzee mmoja wa Guara-Guara alishusha kola ya shati akatuonyesha shingoni mkanda wa ngozi nyeusi iliyokakamaa, kovu la ugonjwa uliompata. Pelagra huanza na ngozi, kisha kuharisha, na isipotibiwa hufika kwenye akili. Dawa yake ni vidonge vya vitamini na chakula mchanganyiko.

"Nilidhani nimerogwa," mzee alimwambia Dada. "Binti mmoja wa kliniki akaniuliza swali moja tu: babu, umekula nini mwezi huu?"

Swali la yule binti lingefaa kuwekwa kwenye kila fomu ya maafa. Kinga ya magonjwa baada ya janga haimaliziki siku kipindupindu kinapotangazwa kwisha. Inakwenda mpaka shamba litoe mavuno, na mkulima aliyepoteza mbegu anahitaji mbegu kama anavyohitaji dawa.

Nimerudi Tanzania nikiwa na jibu la swali langu. Vifo vile havikutokea kwa sababu mlipuko ulitangazwa mapema, maji yalirudishwa kwanza, matibabu yaliwekwa mtaani kwa watu, chanjo ilikuwepo stoo, na palikuwa na wahudumu wanaowajua majirani zao kwa sura na majina. Msumbiji si nchi tajiri. Mambo hayo yote yako ndani ya uwezo wetu.

Na zamu yetu imeshaanza. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la mlima Hanang liliingia Katesh. Mwezi Aprili 2024 Rufiji ilifurika, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, wakati ambao wengi wetu tulidhani msimu wa vimbunga umekwisha. Kwa hiyo nawaomba madiwani, waganga wakuu wa wilaya na viongozi wa mitaa waliosoma mpaka hapa wafanye ukaguzi mwaka huu, kabla ya masika. Je, jenereta ya pampu ya maji ina mafuta ya akiba? Je, daftari la wagonjwa wa dawa za kudumu lina nakala mahali pa juu, au kwenye kompyuta iliyo nje ya wilaya? Je, klorini, dripu na vyandarua vya akiba viko stoo isiyofikiwa na maji? Je, wahudumu wa afya wa jamii wamelipwa posho zao, ili siku ya shida wawepo? Halmashauri inayojibu ndiyo mara nne imeshaokoa watu wake. Inayojibu hapana iyaweke hayo kwenye bajeti ijayo, na wananchi waidai.